Chumba Namba Kumi na Saba

Benchi letu liko ng'ambo ya lile jengo la masanduku: vyumba vilitengenezwa kiwandani, vikaletwa kwa lori, kreni ikavipachika kimoja juu ya kingine. Aliyelichora alisema chumba kikichoka kinachomolewa, kinawekwa kipya. Miaka hamsini sasa, hakijachomolewa hata kimoja. Wakubwa wameamua libomolewe, na wataalamu waliopigania libaki wameambulia chumba kimoja tu, cha Mwalimu, mstaafu aliyekaa mle tangu rangi haijakauka. Jana alipata barua. Leo kaja kijiweni, kashika kahawa inayopoa.

— Kinakwenda makumbusho, alisema Bomba, fundi anayeziba mabomba ya jengo hilo kila wiki. Kizimakizima, na kitanda chake.

— Na choo? aliuliza Wembe, kinyozi wetu.

— Choo kinavuja tangu mimi sijaoa. Hiyo nayo ni historia.

— Bora wabomoe lote. Ukipiga chafya ghorofa ya tatu, jirani wa ghorofa ya tano anakuambia pole.

— Si ndio ujirani huo? Nyumba za siku hizi unaugua wiki nzima, anayejua ni paka.

— Mimi nimesikia kreni itakibeba na mtu ndani, ashikilie vyombo visimwagike.

— Umesikia wapi, Wembe?

— Kwa mteja. Halafu kule watamtaka Mwalimu akae humohumo asahihishe madaftari, watu wapite wakimtazama.

— Na jioni?

— Anafungiwa. Kitu cha makumbusho hakizururi.

— Akitaka kahawa je?

— Tunakata tiketi, tunampelekea.

Hapo hata Mwalimu alicheka.

— Kwenye kibao wataandika nini? aliuliza Bomba.

— "Tafadhali usimguse."

Tulikuwa bado tunacheka dada mmoja aliposimama mbele yetu na faili kwapani.

— Shikamooni. Natoka makumbusho. Namtafuta mwenye chumba namba kumi na saba.

— Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi, alisema Mwalimu.

— Kreni inakuja Jumatatu, baba. Chumba tumeshakipatia mahali. Wewe mwenyewe unahamia wapi?

Bomba akamtazama Wembe. Wembe akainamia viatu vyake. Tangu asubuhi tulikuwa tumeshamaliza habari za choo, za kitanda, za kibao. Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria, nadhani hata Mwalimu mwenyewe. Bomba akasogea, akampangusia dada nafasi ya kukaa. Dada hakukaa. Alisimama palepale, kalamu juu ya karatasi, akisubiri.