Nyumba ya Watu Sita

Benchi la Mafi liko Karantina, Jeddah, nje ya duka la matairi ambalo Ijumaa halifunguliwi. Jina hilo limelipata kwa sababu ukiuliza chochote pale, jibu ni mafi, yaani hakuna: sukari mafi, nyongeza mafi, likizo mafi. Mwenyekiti wake ni Hashim wa Unguja, dereva wa nyumba moja ya Al-Nuzha, ambaye huja na chupa ya kahawa ya tangawizi na kuimimina kwa mkono wa bahili. Anayemfuatia ni Naftali wa Kitale, fundi wa viyoyozi, wanayemwita Profesa kwa kuwa tangu wamjue hajawahi kusema "sijui". Wa tatu ni Serah, yaya, mpishi na mfuaji wa nyumba ileile ya mabosi wa Hashim. Ijumaa hii Serah alikuja na simu mkononi na jina jipya, Shengeni, kwa ile viza ya Schengen ya kuingilia Ulaya. Mabosi walikuwa wanakwenda kukimbia joto Innsbruck, mji wa kale katikati ya milima ya Austria, na Serah alikuwa anakwenda nao. Tena madam alikuwa amemwachia yeye achague nyumba ya kupanga, maana Kiingereza chake kizuri na zamani alikaa mapokezi kwenye gesti moja ya Nakuru.

"Chagua vizuri," madam alimwambia. "Ukinichagulia vibaya, mwakani unabaki Riyadh kwa dada yangu."

Dada mtu ana watoto wanane na hana huruma. Jibu lilitakiwa kabla ya Magharibi.

— Isome tena hiyo ya mwanzo, alisema Hashim.

— Mji wa kale, ghorofa ya nne. Ukisimama dirishani unaona lile paa la dhahabu.

— Dhahabu kweli?

— Ni shaba imepakwa dhahabu, alijibu Naftali, ambaye hata Dammam ya humuhumu Saudia hajafika.

— Yakhe, mji wa kale gari haingii. Na mabegi ya madam unayajua, mie yananivunja kiuno kutoka mlangoni mpaka kwenye gari tu. Ghorofa ya nne, lifti mafi! Nani atayapandisha?

Wote walimtazama Serah, kisha wakatazama kahawa zao.

— Wacha uoga, Hashim, alisema Naftali. Hizo nyumba ziko na miaka mia tano. Ukuta mnene hivi! Madam akianza kupiga kelele kwa chumba yake, Shengeni kwa jikoni hasikii kitu.

— Na kengele za kanisa je? Alfajiri ngo! ngo! Yule bibi mzee wa nyumbani ataamka, kichwa kimuume. Atalaumiwa nani?

— Shengeni.

— Basi ndo hapo.

Serah alicheka, lakini hakupenda. Kila nyumba waliyoitaja ilikuwa na mzigo wake tayari, na mzigo wenyewe ulikuwa na jina lake.

— Sikia, alisema Naftali. Enda juu mlimani. Kuna kibanda kinapanda na kamba kutoka mjini mpaka kwa mawingu.

— Ikikatika? aliuliza Serah.

— Haikatiki, manze. Na huko juu hewa ni nyepesi, mtu wa roho mbaya haiwezi. Siku ya tatu madam anashuka mwenyewe akilia, wewe unabaki na theluji.

— Na mkate Serah atanunua wapi? alidakia Hashim. Na nyama ya halali? Kila asubuhi apande kibanda na kikapu?

— Madam atazoea.

— Atazoea! Wee, hebu nenda wewe ukamwambie madam "utazoea", tukusomee dua.

Naftali alisogea, akashusha sauti.

— Dada, nikikuambia ukweli, chukua ile ya karibu na stesheni. Treni hapo ni kidogo tu, uko Italia. Unatumwa maziwa, unaenda, haurudi.

— Na pasipoti?

— Pasipoti ni karatasi.

— Iko kwa mkoba wa madam, pamoja na ikama yangu ya ukaazi na lipstiki yake. Hiyo nimeifikiria kabla yako, Profesa. Usinifunze.

Kwa dakika hiyo Serah alimchukia Naftali. Jambo alilokuwa akilificha hata kwa mto wake wa kulalia, yeye kalitoa nje kama gumzo la mpira.

Akawaonyesha nyumba aliyokuwa hajaisoma kwa sauti. Ilikuwa ya rangi ya waridi, kando ya mto, milima imesimama nyuma yake. Chini sebule, katikati vyumba vitatu, na juu kabisa, chini ya paa, kijichumba cha kitanda kimoja, dirisha dogo na mlango. Picha ya kijichumba hicho alikuwa ameifungua mara nyingi kuliko za sebule. Tangu afike nchi hii Serah hulala kwenye ujia, kando ya mashine ya kufulia, kwenye godoro linalokunjwa kabla ya alfajiri. Hakutaka paa la dhahabu. Alitaka kulala penye mlango.

— Hii ni tamu, alisema Naftali.

— Hii madam ataipenda, alisema Hashim. Lifti ipo na gari inafika. Halas, bonyeza.

Pembeni alikuwa amekaa Beldina, msichana wa nyumba ya jirani, aliyeletwa na Hashim benchini kwa mara ya kwanza. Akaisogelea simu.

— Dada Serah, samahani. Na wewe utalala wapi?

— Si ni hapo juu.

— Nilidhani hapo juu ni ya Faisal, kaka yao mapacha. Baba na madam chumba kikubwa, bibi chake, mapacha chao. Faisal ni kijana mkubwa, atawekwa wapi?

Serah aliitazama simu. Juu ya picha iliandikwa wageni sita, na mwandishi alikuwa yeye mwenyewe. Hakuna aliyemwamuru. Kila siku mkono wake huandaa sahani sita, glasi sita na taulo sita, nao ukaandika sita, wakati moyo ulikuwa umeshajipangia kitanda cha juu.

— Sofa, alisema Hashim. Ulaya masofa yanakunjuliwa.

— Yaya haandikwagi, alisema Naftali. Ni kama mtoto wa kubebwa.

— Lakini si analala? aliuliza Beldina.

Serah akabadilisha, akaweka saba. Nyumba ya waridi ikatoweka. Ikabaki moja nje kabisa ya mji, ya kijivu, yenye maegesho makubwa. Akamrekodia madam kwa Kiarabu chake cha jikoni: madam, nyumba nzuri ni ya watu sita, na sisi ni saba.

Jibu lilikuja upesi. Akaliachia kwa sauti, wote wasikie.

"Saba? Nani mwingine anakuja?"

Kisha la pili, likiwa na kicheko.

"Aah, wewe! Habibti, wewe ni wa nyumbani, na wa nyumbani hatumhesabu. Weka sita, yalla, isije ikachukuliwa."

Ilisemwa kwa mapenzi, na hayo mapenzi ndiyo yaliyomuuma. Angetukanwa, angepata la kujibu.

— Kwa hivyo atalala wapi? aliuliza tena Beldina.

Hashim aliitikisa chupa ya kahawa. Mafi. Naftali akakuna shingo.

— Sijui, alisema.

Serah akarudisha sita, na nyumba ya waridi ikarudi. Akazipita picha za mto na za milima, akakipita kijichumba cha juu bila kukifungua, mpaka akafika jikoni. Hapo akaikuza picha kwa vidole viwili, akainama kuitazama sakafu.

— Hii ni ya mbao, alisema. Ile ya mji wa kale ilikuwa na vigae, na vigae vinaniumiza mgongo.

Akabonyeza.