Mzee Bartholomeo na Bomba la Upepo Baridi

Sasa hivi tu mwanangu Alinanuswe amechovya kitambaa kwenye ndoo, akakishika mbele ya mdomo, akakipuliza mpaka maji yakamrukia machoni. Anacheka. Nimemwacha, maana mchezo huo kafundishwa na Mzee Bartholomeo, ambaye Jumamosi hii, tarehe 31 Agosti 1957, anaweka spana chini baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi. Nimeambiwa na wenzangu wa gereji niandike habari zake kwa sababu nilifika darasa la nne, na kwa sababu tunakaa jirani, yeye kwenye vyuma, mimi kwenye cherehani nikishona viti vya gari.

Alianza Iringa mwaka 1934, akiosha injini kwa mafuta ya taa. Mwaka 1943 akaletwa hapa gereji ya Iyunga, na Wahehe wenzake wakamwambia mvua ya Mbeya itamuua. Haikumuua. Alizoea hata ndizi zetu, ingawa mpaka leo akiandaliwa ndizi huuliza kwanza ugali uko wapi.

Lakini kazi tutakayoikumbuka ni ile ya gari la misheni, linalochukua wagonjwa kutoka Usangu kuwaleta hospitali Mbeya. Ni gari la kabla ya vita, limefungwa pande zote kama kabati. Kiangazi, mgonjwa alishuka hoi kuliko alivyopanda. Basi siku moja mwaka 1955 akapita mgeni kutoka Rodeshia kufunga springi, na gari lake limening'iniza bomba la bati dirishani. Mzee akachungulia ndani. Upepo unaingia kwa mbele, unapita kwenye majani yaliyolowa, unatoka baridi. Akili ni ile ile ya mtungi wa udongo unaotoa jasho. Mzee akakata madebe mawili, akayaunga, akayajaza nyuzi za katani, akalifungia gari la misheni.

Akalijaribu mwezi wa Julai, hapa hapa Iyunga, asubuhi, ukungu umelala barabarani. Wote tuliopanda tulitetemeka. Jailos dereva akaomba koti. Mzee akasema, "Mmeona?" Tukapiga makofi. Hakuna aliyekumbuka kwamba hata bila bomba tungetetemeka.

Septemba nesi Tekla wa misheni akarudi kutoka Igawa, kwenye joto la Usangu, uso umeiva kama nyanya. "Mzee Bartholomeo, ulinifungia baridi ya Mbeya! Tulipofika Chimala ikateremka, ikarudi kwao!" Gereji nzima ilicheka. Mzee naye alicheka.

Kesho yake alikwenda Igawa, akarudi mchana wa jua kali amelala nyuma kwenye machela kama mgonjwa. Shati limelowa jasho, lakini kosa kaliona: katani aliibana mno, upepo haupiti, na maji yanakauka mapema. Akaniambia, "Mama, nishonee kitu kinachopumua." Nikashona gunia la tabaka tatu zilizoachana. Yeye akaweka debe la maji juu ya paa, linadondosha tone moja moja.

Mwezi uliofuata nilimpeleka Alinanuswe kwa bibi yake Igawa, ana miezi mitatu. Homa ikampanda, hata kunyonya akakataa. Gari likaja saa sita mchana. Nilikaa nyuma, nikamwelekeza kwenye mdomo wa bomba, nikawa nasikiliza matone. Jailos alisimama mara mbili kujaza debe. Tulipofika Chimala mtoto akatafuta ziwa. Homa aliitibu daktari, hilo nalijua. Lakini nilimfikisha kwa daktari akiwa na nguvu za kulia.

Tangu hapo Mzee hakabidhi gari mpaka akae kwanza pale atakapokaa abiria, hata kama ni juu ya magunia ya viazi. Mafundi wote hapa wamejifunza hivyo kwake.

Wiki hizi za mwisho amekuwa na wasiwasi mmoja. Gunia linaoza kila baada ya miezi miwili, joto la Oktoba linakuja, nani atalishughulikia? Akanifundisha kulikata, kulifunga na kuzibua tundu la matone. Juzi nililifunga peke yangu. Akapanda machela kunipima, mpaka Igawa na kurudi, jua la mchana. Tulipofungua mlango alikuwa anakoroma. Kwa Mzee hiyo ndiyo sifa, nyingine hana.

Anarudi shambani kwake Kilolo, milimani kwenye baridi tele, ambako hakuna atakayemwomba baridi. Asante, Mzee, kwa mikono yako na kwa kukubali kuchekwa. Nenda ukale ugali wako kwa raha, Mungu akuzidishie siku, wala usihangaike na safari za Igawa. Ndio huyo ananiita kutoka uani: "Mama Alinanuswe! Gari la misheni limefika, gunia liko wapi?" Naja, Mzee, liko tayari, bado kamba ya chini tu; kalamu naiweka hapa.