Nicodemus Wasike na Watu wa Kwenye Santuri (1963–2025)

Baada ya Mauche ukungu ulishuka barabarani, na dereva akaniuliza kama nina uhakika ninakokwenda. Sikuwa nao. Nimefika nchi nyingi, lakini shamba hili la ndugu yangu hapa Mau Narok sikuwa nimewahi kulikanyaga hadi Jumanne wiki hii, naye tayari alikuwa mochari. Mkewe, Cherop, alinipokea mlangoni. Hakunilaumu. Alisema, “Karibu, wifi. Najua umechoka. Lakini kuna kitu nataka unisaidie kabla ya Jumamosi. Nitafutie sauti yake.”

Ombi hilo mtalielewa mkikumbuka kazi ya marehemu. Kwa miaka ishirini na saba alirekodi harusi na mazishi ya watu, na yeye mwenyewe hakujirekodi hata mara moja. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyoweza kutuma ujumbe wa sauti. Mle stoo, pembeni ya magunia ya viazi, kuna kaseti zaidi ya mia tatu. Cherop alikuwa amesikiliza sitini na hakumsikia popote.

Nicodemus alizaliwa tarehe 17 Agosti 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Simiyu na marehemu Mama Nafula. Mimi, Nekoye, ndimi wa pili na wa mwisho. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1977 na kidato cha nne mwaka 1981, palepale Nakuru. Matokeo yake baba aliyatazama kwa muda mrefu, akayakunja, akayaweka mfukoni na kwenda kazini. Somo alilofaulu vizuri lilikuwa fizikia tu.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika shamba moja la ngano huku Mau Narok, akitengeneza umeme wa mashine za kuvunia. Meneja wa shamba alipohama mwaka 1987 alimwachia kreti nzima ya santuri za muziki wa roki, bendi za Uingereza na Marekani za miaka ya sabini. Nyingi zilikuwa za studio, na hizo aliwagawia marafiki. Alibaki na tano, zote zilizorekodiwa jukwaani mbele ya watu.

Tano hizo alizijua kama wengine wanavyojua zaburi. Lakini hakuzipanga kwa ubora wa gitaa au ngoma. Alizipanga kwa watu waliokuja. Ya tano ilirekodiwa uwanjani, watu wengi mno, hawasikiki mmoja mmoja. Ya tatu ilitoka kwenye ukumbi fulani Japani, na alisema wale wanapiga makofi kama wazee wa kanisa, kwa adabu, kisha wanachelewa kuacha. Ya kwanza ilikuwa ile ya chuo kikuu cha Uingereza, na si kwa sababu ya bendi. Kabla ya wimbo wa mwisho mtu mmoja anapaza sauti kutoka nyuma, maneno hayashikiki, na wenzake wanacheka. Kaka alimpa mtu huyo jina la Kipkirui. “Alilipa kiingilio kama wengine,” alikuwa akisema, “akapiga kelele mara moja, akaenda zake nyumbani. Hajui mpaka leo kwamba nipo naye hapa Nakuru.”

Kutokana na santuri hizo alijifunza namna yake ya kufanya kazi. Mwaka 1989 alifungua duka mtaani Free Area, Nakuru, la kutengeneza redio na kukodisha vyombo vya sauti. Wengine wa kazi hiyo waliweka maiki moja kwa mhubiri. Yeye aliweka ya pili, imewageukia watu. Wateja walilalamika kwamba anarekodi vilio na watoto. Aliwajibu kwamba mhubiri watamsikia tena Jumapili, lakini watu hawa hawatakusanyika tena wote.

Cherop alikuja dukani mwaka 1990 na redio ya baba yake. Alimkuta amefumba macho, santuri ikizunguka.

“Boss, kuna mtu hapa?”

“Ngoja wamalize kupiga makofi.”

“Wanampigia nani?”

“Hata wewe ukitaka, piga.”

Alingoja, kwanza kwa hasira, hadi upande mzima ukaisha. Baba yake alikuja kumtafuta akaambiwa redio bado. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1991, Nakuru, na wakajaliwa watoto wawili, Mercyline na Jerry. Mwaka 2011 walihamia shamba hili.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2021. Kila Jumanne na Ijumaa alisafiri hadi Nakuru kusafishwa damu, akikaa kitini kwa muda wa saa nne. Jerry alimnakilia zile santuri kwenye redio ndogo ya kadi, zikatosha safari zote. Kiti cha jirani kilikuwa cha Mzee Ooko, ambaye yuko nasi leo, na aliniruhusu niseme haya.

“Nico, nunua wimbo wa studio,” Ooko alimwambia. “Huo umeharibiwa na walevi.”

“Hao walevi ndio wimbo.”

“Kwa hivyo nikikohoa hapa ni wimbo?”

“Kohoa tuone.”

Mwezi wa Mei alimwambia Cherop kwamba amechoka na barabara, lakini hajachoka na watu. Alifariki hapa nyumbani Jumapili tarehe 8 Juni 2025, saa tatu asubuhi, chai ikiwa motoni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Mercyline nami tulisikiliza kaseti kuanzia Jumanne. Kazi hiyo inachosha kuliko kulia. Watu wa Njoro, wa Rongai, wa Elburgon, wengi wao sasa wamezikwa pia. Alhamisi alasiri tulifika kwenye kaseti ya mwaka 2009, mazishi ya dereva wa lori kule Salgaa. Mvua inasikika juu ya turubai. Waliokuja ni wachache, pengine kumi, na wimbo wao unazama ubeti wa pili. Kisha karibu kabisa na maiki inaingia sauti moja nzito, nje ya ufunguo, inayoshikilia wimbo hadi wengine wanapanda juu yake na kumaliza.

Mercyline alimwita mama yake. Cherop alisimama mlangoni, akasikiliza ubeti mmoja, akakaa chini juu ya gunia.

“Ni yeye,” alisema. “Hakutaka yule mjane afike nyumbani akute kaseti tupu.”

Kaseti hiyo hatutaicheza leo. Ni ya Cherop.

Marehemu ameacha mkewe Cherop, watoto wake Mercyline na Jerry, wajukuu watatu, mimi dada yake, na rafiki yake Mzee Ooko. Kaseti nyingi za stoo hazikuchukuliwa na wenyewe. Aliyezika mtu wake kati ya 1989 na 2016 aulize, huenda wake wako humu. Nitakuwepo mpaka zote zipate kwao.

Sasa wabebaji wako tayari, na kaburi liko chini, baada ya ngano. Jerry atatangulia mbele. Lazima mtu mmoja abaki mezani aangalie mitambo ya kurekodi, na nimewaambia nitabaki mimi. Mpelekeni polepole, mwimbe mkimpeleka, nitawasikia. Kaka, nenda ukapumzike, umesikiliza vya kutosha.