Marahaba ya Mwalimu Mwamini

Wasikilizaji wapendwa, fundi mitambo wetu alikuwa ameniandalia muziki wa huzuni wa kuanzia kipindi. Nimemwomba autoe. Nimemwambia, huyu mama tunayemkumbuka leo angeusikia muziki ule angekuja hapa studio kuuzima kwa mkono wake. Kwa hiyo leo tunaanza bila muziki. Mimi ni mtangazaji wenu Hamidu. Ongeza sauti ya redio yako, sogeza kiti, tuzungumze.

Tunamkumbuka Mwalimu Mwamini Kibwana. Alikuwa mwalimu wa chekechea, wale watoto wa miaka minne na mitano. Alizaliwa Mzenga, wilayani Kisarawe. Akafundisha Chole, hukohuko Kisarawe, miaka ishirini na sita. Amefariki mwezi uliopita akiwa na miaka hamsini na saba, baada ya kuugua wiki mbili tu. Narudia kwa aliyefungulia redio sasa hivi: Mwalimu Mwamini Kibwana, mzaliwa wa Mzenga, mwalimu wa chekechea kule Chole.

Nilikwenda Chole wiki iliyopita kuzungumza na familia yake. Mume wake, Mzee Badru, ni mkulima wa mihogo na mananasi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama viatu vyangu vya mjini na lile tope, akacheka. Nikajua hapa tutaelewana.

Sasa sikiliza vizuri, maana hili ndilo jambo lenyewe. Darasa la Mwalimu Mwamini lilikuwa darasa shikizi. Maana yake ni darasa dogo lililowekwa karibu na makazi ya watu, kwa sababu shule kubwa, shule mama, iko mbali. Mbali kiasi gani? Kilomita saba kwenda, kilomita saba kurudi. Na katikati kuna korongo ambalo masika linajaa maji. Mtoto wa miaka minne, msikilizaji. Na korongo limejaa maji.

Basi, miaka michache iliyopita walimu wakagawiwa vishikwambi, zile kompyuta bapa za kugusa kioo. Mwalimu Mwamini naye akapata chake. Unajua alikifanya nini? Binti yake, Tatu, alinisimulia.

"Mama alikizungushia kitenge," Tatu alisema, "akakiweka kabatini, akafunga na ufunguo. Ukimuuliza kiko wapi, anakwambia kimelala, msikisumbue."

Kililala mwaka mzima. Usicheke, msikilizaji. Nyumbani kwangu kuna pasi ya mvuke, zawadi ya harusi, mpaka leo iko kwenye boksi lake. Na watoto wangu wako sekondari.

Kilichokitoa kile kishikwambi kwenye kitenge ni habari mbaya. Ulikuja mpango wa kuunganisha madarasa madogo. Darasa litakaloonyesha kwamba watoto wanajifunza vizuri, na kwamba mwalimu anatumia kifaa alichopewa, litabaki. Lisiloonyesha, watoto wake wanahamia shule mama. Zile kilomita saba. Lile korongo.

Mwalimu Mwamini alikuwa na watoto ishirini na watatu. Akafungua kabati.

Alikuwa na rafiki yake wa siku za chuo, Mwalimu Bertha, anayefundisha chekechea Soga, upande wa Kibaha. Bertha mambo ya mtandao anayaweza. Akajirekodi video akiwafundisha watoto kuhesabu kwa visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, akamtumia mwenzake. Mwalimu Mwamini akasimama nyuma ya choo cha shule, mahali pekee ambapo mtandao unakamata, akaipakua. Ilimchukua asubuhi nzima. Akarudi darasani anatembea taratibu kana kwamba kabeba mayai.

Siku ya siku ikafika. Mkaguzi akaja, Bwana Eliya. Akakaribishwa, akasimama nyuma ya darasa na daftari lake. Mwalimu Mwamini akaegemeza kishikwambi kwenye boksi la chaki, akabonyeza. Mwalimu Bertha akatokea kwenye kioo anatabasamu.

"Hamjambo watoto!"

Watoto wote ishirini na watatu wakasimama. "Hatujambo! Shikamoo mwalimu!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, msikilizaji. Kwa Mwalimu Mwamini, salamu ilikuwa somo la kwanza na somo kubwa. Akiingia mtu mzima, mnasimama. Mnaamkia. Mnangoja marahaba. Hukai mpaka uitikiwe. Ndivyo alivyowafundisha, miaka yote.

Na Bertha wa kwenye kioo hakuitikia. Angeitikiaje? Video ilikwisha kurekodiwa. Yeye akaendelea tu: "Leo tutahesabu visoda. Kisoda kimoja..."

Watoto wakadhani hakusikia. Wakapaza sauti. "SHIKAMOO MWALIMU!" Bertha yuko kwenye kisoda cha tatu. Mwalimu Mwamini akawaambia, "Kaeni, wanangu." Wakamtazama. Hawakukaa. Kuna mtoto mmoja wa kike, Efrazia, mdomo wake haulali, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huyu mwalimu hajaitikia."

Video ikaisha. Hakuna kisoda kilichohesabiwa. Watoto bado wamesimama, wengine wameanza kulia kwa kuchoka miguu. Bwana Eliya anaandika tu.

Mwalimu Bertha anakumbuka alivyosimuliwa kwa simu jioni ile. "Mwamini alilia, kaka Hamidu. Alilia kweli. Lakini katikati ya kilio akaniambia alivyomjibu mkaguzi. Mkaguzi alimwambia, 'Mwalimu, watoto wako bado hawajaizoea teknolojia.' Yeye akamjibu, 'Bwana, watoto wangu hawajakosea. Asiye na adabu ni huyo aliyemo kwenye kioo.' Na huyo aliyemo kwenye kioo ni mimi! Nikacheka, naye akacheka, tukawa tunalia na kucheka pamoja."

Bwana Eliya hakuwa mtu mbaya. Alimpa wiki sita. Akasema, "Nitarudi. Nikikuta hivihivi, mwalimu, sina la kufanya, watoto wanahama."

Wiki sita. Na mama wa miaka hamsini na tano, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa hajui hata pa kuwashia.

Kila Jumamosi alfajiri alipanda bodaboda kutoka Chole mpaka Mzenga, halafu gari mpaka Soga kwa Bertha. Alichokitaka alikuwa anakijua. Alisema, "Sitaki video. Nataka kitu kinachoitikia."

Bertha akamwambia kipo. Unatengeneza ukurasa, kama kurasa zile tunazozifungua kwenye mtandao. Una picha. Mtoto anagusa picha, sauti inatoka. Anagusa nyingine, inatoka nyingine. Na ukurasa wenyewe unaweza kukaa ndani ya kishikwambi, hata mtandao usipokuwepo. Mwalimu Mwamini akauliza mara mbili: hata usipokuwepo? Hata usipokuwepo. Akasema, basi nyuma ya choo sirudi tena.

Kutengeneza ukurasa kunataka kuandika amri. Unaweka alama ya kufungua, unaweka alama ya kufunga. Hapa picha inaanza, hapa inaishia. Ukisahau kufunga, ukurasa wote unavurugika. Mzee Badru aliniambia habari hiyo huku anatikisa kichwa.

"Mwezi ule nyumba ilikuwa na kazi. Nikifungua mlango, 'Badru, umefungua, funga!' Nikifunua chungu, 'Funga!' Nikasema huyu mwanamke kapatwa na nini? Kumbe ni kompyuta."

Halafu kulikuwa na jambo la daftari. Mwalimu Mwamini alikuwa anaandika kila amri kwa kalamu kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa duara, na kupiga mstari mwekundu pembeni, kama anaandika andalio la somo. Bertha alimcheka. "Mwenzangu, haya mambo nani anayaandika kwa mkono?" Yeye akasema, "Mimi." Akaendelea kuandika.

Jumamosi ya tano, jioni, akiwa amerudi nyumbani kutoka Soga, akabonyeza pasipobonyezwa. Ukurasa wote ukafutika. Kazi ya wiki tano. Imebaki wiki moja.

Tatu alikuwepo. "Nilimwona mama amekaa, mikono mapajani. Nikajua leo ndiyo basi. Nikaenda kumchemshia chai. Nakuja na chai, nakuta kafungua daftari ukurasa wa kwanza, anaandika upya. Hata chai hakuinywa."

Aliandika siku tatu. Alama kwa alama, kutoka kwenye lile daftari lililochekwa. Kila alichofungua, akafunga.

Siku moja alikwenda na kishikwambi mpaka karibu na stesheni ya Soga, akarekodi treni mpya inavyopita, ili watoto wa Chole ambao hawajaiona waisikie. Watoto walipoisikia walilalamika. Walitegemea treni ipige kelele, hii ya umeme imepita kama upepo. Lakini mpaka leo watoto wa Chole wakicheza treni, wanashikana mashati nyuma na kukimbia kimya, wanapuliza tu midomo. Nimewaona kwa macho yangu.

Wiki sita zikatimia. Bwana Eliya akarudi na daftari lake. Kishikwambi kikaegemezwa kwenye boksi la chaki. Ukurasa ukafunguka, na juu kabisa pana picha ya mwalimu mwenye ushungi, aliyoichora mwenyewe. Watoto ishirini na watatu wakasimama.

"Shikamoo mwalimu!"

Efrazia akasogea, akagusa picha. Na sauti ya Mwalimu Mwamini ikatoka, tulivu, kwenye kioo.

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Wakakaa. Wote, kwa pamoja, kimya. Na Bwana Eliya naye akakaa.

Nilimpigia simu Bwana Eliya kuhakikisha, maana hii nilidhani wamenitilia chumvi. Akacheka sana. "Ni kweli, ndugu mtangazaji. Mkeka ulikuwa karibu. Nikasikia kaeni, nikakaa. Nilishtukia niko chini na tai yangu, na mtoto mmoja ananigawia visoda."

Alihesabu nao. Mwalimu Mwamini akaenda upande wa pili kuwashika mikono wale wadogo wasiojua kushika penseli, huku wakubwa wanagusa picha, wanasikiliza, wanapanga visoda. Mwalimu mmoja, makundi mawili, na hakuna aliyekaa bure. Wiki iliyofuata jibu likaja: darasa linabaki Chole. Akina mama waliokuwa wakipalilia waliacha majembe shambani wakaja darasani na vigelegele. Mzee Badru alileta mananasi ya darasa zima. Mwalimu Mwamini alicheza ngoma mbele ya watoto wake, na Tatu anaapa kuwa hajawahi kumwona mama yake akicheza, hata kwenye harusi.

Na hakuishia hapo. Lile daftari lilinakiliwa. Leo walimu kumi na wanne wa chekechea, Kisarawe na Kibaha, wana ukurasa kama ule kwenye vishikwambi vyao, kila mmoja na sauti yake. Aliwafundisha yeye, Jumamosi kwa Jumamosi, na wa kwanza kukaa mbele na kalamu mkononi alikuwa Bertha. Narudia: walimu kumi na wanne. Mama aliyekifunga kishikwambi kwenye kitenge.

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Mwamini alizikwa Chole, baada ya swala ya alasiri. Siku tatu baadaye darasa likafunguliwa na mwalimu mgeni. Na hapo likazuka jambo. Baadhi ya wazee walisema ile sauti ifutwe. Mtu amekwisha zikwa, sauti yake itazungumzaje darasani? Apumzike. Walisema kwa nia njema, wala siwalaumu. Tatu mwenyewe aliniambia siku zile akiisikia alikuwa anaondoka.

Wakaenda kwa Mzee Badru, wakamwachia yeye aamue. Akawajibu kwa swali.

"Mkiifuta, watoto watakaa lini?"

Sauti haikufutwa. Asubuhi iliyofuata watoto walisimama, wakaamkia, mmoja wao akagusa picha. Wakaitikiwa. Wakakaa. Mwalimu mgeni akaanza somo.

Kwako Mzee Badru, kwako Tatu na ndugu zako wote, kwa Mwalimu Bertha na walimu wenzake, kwa wazazi na watoto wa Chole, kipindi hiki kinawapa pole. Tumelia nanyi, na leo tumecheka nanyi, na naamini yeye angetaka tucheke zaidi. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, nyumbani kwako kuna kitu gani umekifunga kwenye kitenge kwa kuogopa utakiharibu? Kifikirie. Mimi leo nikitoka hapa naifungua ile pasi.

Lakini kabla sijatoka, Tatu ameturuhusu jambo moja. Popote ulipo, kama umekaa, naomba usimame. Uko dukani, simama. Uko jikoni, weka mwiko chini. Fundi mitambo, na wewe simama. Tumwamkie mwalimu, sote kwa pamoja.

Shikamoo, Mwalimu Mwamini.

"Marahaba, wanangu. Kaeni."