Pikapu ya Evelio Lazima Inyanyuke

Benchi letu hukaa mbele ya duka la Doña Tancho, lakini tangu tumzike Nohemí tumelihamishia uani kwao. Leo ni siku ya tisa. Wanawake wako ndani wanasali rozari, sisi wanaume tuko nje na kahawa ya msiba. Nohemí alishikwa na uchungu mvua ikimwagika, tukampakia kwenye pikapu ya Evelio, na katikati ya mto injini ikanywa maji ikazima. Alifia humohumo nyuma ya gari, mtoto akiwa tumboni. Sasa dada yake Marisela anaweza kujifungua wakati wowote, mto bado umejaa, na hospitali iko ng'ambo, pamoja na Honduras yote iliyobaki. Ndiyo maana tunabishana msibani habari za springi, pikapu inyanyuke juu ya maji, Mungu atusamehe.

Alianza Spana, aliyekuwa fundi kabla macho yake hayajafifia.

— Evelio, sikiliza. Chonga vipande viwili vya mti mgumu, viweke kati ya ekseli na springi, kaza kwa bolti ndefu. Gari linapanda shubiri nzima, na hujatoa hata lempira moja.

— Hiyo ni nyuma, Don Spana. Na mbele?

— Mbele tutaona tukifika.

Radio, ambaye hanyamazi hata kanisani, akadakia:

— Mti unapasuka, mzee! Binamu yangu alifanya hivyohivyo, ekseli ikachomoka njiani. Wewe ongeza majani ya springi, yale mabamba ya chuma. Kuna lile lori bovu la kahawa kule juu, springi zake zinaota kutu bure. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ukijaza majani gari linakuwa gumu, Spana akamjibu. Mgonjwa atarushwa huko nyuma mpaka azalie njiani.

— Si ndiyo vizuri? Akishazaa, hospitali ya nini?

Hakuna aliyecheka. Radio mwenyewe alitazama mlangoni, akajikuna shingo.

Injinia akakohoa. Tunamwita hivyo kwa kuwa aliwahi kubeba zege kwenye ujenzi wa bwawa.

— Springi mnazisingizia tu. Gari lilikosa pumzi. Lifungie bomba, likatokee juu ya paa, livute hewa ya huko. Kisha tairi za trekta. Chanda chema huvikwa pete, bwana.

— Tairi za trekta zitaingia wapi?

— Kata bodi. Halafu mapipa matupu, mawili kila ubavu. Maji yakizidi, gari linaelea.

— Likielea, usukani nashikia nini? Evelio akauliza.

— Hushiki. Ng'ombe wanakuvuta kwa kamba kutoka ng'ambo.

— Sasa kama ni ng'ombe wanavuta, akasema Radio, tung'oe na injini basi, tupunguze uzito!

Evelio hakuwa na mzaha. Tangu siku ile hapati usingizi, na pikapu yake hajaiosha.

— Niambieni moja tu litakaloshika, alisema. Siwezi kumzamisha na huyu.

— Mama yangu tulimpeleka kwa machela, Spana akasema polepole. Wanaume tulikuwa tunapokezana.

— Enzi za ujinga hizo, mzee, Injinia akamkata. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tuna gari, tupande gari.

Hapo akaingia Delmar, mume wa Nohemí. Alikuwa vibaruani mjini San Pedro, na habari zilimfikia zimechelewa. Tulisimama, tukavua kofia, tukampa pole. Evelio hakuweza kumtazama usoni. Marisela alitoka na birika, akamkumbatia shemeji yake, wakalia wote wawili. Kisha Delmar akaketi kati yetu. Radio kimya kilimshinda.

— Umevukaje, kaka, na mto ulivyofura?

— Nimepita daraja la waya.

— Aa.

— Linayumba, lakini mbao zote zipo. Siku ile lilikuwa limekatika?

Tulitazamana.

— Hapana, Spana akasema. Halikukatika.

— Basi kwa nini hamkumbeba mkampitisha pale?

Mwishowe Evelio akasema kwa sauti ya chini:

— Tulikuwa na gari, Delmar.

Niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze. Daraja lile ni la waenda kwa miguu, nalipita kila Jumapili nikienda misani. Siku ile sote tulikuwa mtoni, maji kiunoni, tunasukuma pikapu na kupigiana kelele, na kutoka pale unaliona daraja bila hata kugeuza shingo.

— Mke wangu hakuwa mzito, Delmar akasema. Nilikuwa nikimbeba peke yangu.

Marisela alikuwa bado amesimama, birika mkono mmoja, mkono mwingine tumboni. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, mabega yetu, nywele zetu nyeupe, miguu ya Spana iliyovimba. Vijana wetu wote wako mijini au wamevuka mipaka kwenda kaskazini.

— Na mimi, akauliza, atanibeba nani?

Kila mtu akainamia kikombe chake.