Papa wa Mombasa Ni wa Nani?

Kijiwe chetu cha mtaa wa Oli, mbali sana na bahari, ni benchi moja mbele ya jiko la Mama Night, muuza kahawa, na hakuna jambo lililowahi kutushinda hapo, hasa yale tusiyoyajua. Jioni hiyo binti yake, Night, alikuwa apande basi kwenda Mombasa kufanya kazi hotelini. Mama Night alikuwa hali wala halali tangu asikie kwamba baharini kuna papa. Badala ya kumtuliza, sisi ambao hatujawahi kuiona bahari tukageuka wataalamu. Redio, tuliyempa jina hilo kwa kuwa hazimiki, alishika simu yake. Afande, askari mstaafu, alishika kikombe.

REDIO: Simu iko nasema bahari ya Kenya iko na papa aina mingi. Moja kichwa yake kama nyundo.

MAMA NIGHT: Nyundo ya nini?

AFANDE: Ya kupasua mashua. Endelea.

REDIO: Ingine ni papa usingizi. Nalala chini tu.

AFANDE: Huyo ndiyo mubaya! Adui nalala, ujue ni mtego.

REDIO: Na potwe. Mukubwa kama basi, lakini hapana kula mutu.

AFANDE: Nani aliuliza yeye? Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Papa nakula mgeni, mwenyeji napona!

Mama Night akaacha kumimina kahawa. Nilimhurumia kweli. Ndipo Obitre, aliyekulia kando ya Nile, akakohoa.

OBITRE: Nyinyi napoteza muda. Mamba ya kwetu iko na mwenyewe, mzee moja ya kijiji. Yeye ndiyo natuma mamba. Papa pia iko na mwenyewe! Night apeleke jogoo, asalimie mzee huyo, papa zote zitafunga mudomo.

Hapo hakuna aliyepinga. Tulibishana rangi ya jogoo tu, mpaka Afande akaenda kwake na kuleta mweupe, amemfunga miguu, akamlaza juu ya begi la Night lililokuwa tayari kando ya jiko. Tulijisifu sana. Madinah, muuza nyanya aliyehamia mtaani juzi, akaja kununua kahawa, akamkodolea macho yule jogoo. Tukamweleza yote.

MADINAH: Sawa. Sasa Night akishuka basi huko, jogoo nampa nani?

Redio akatazama simu. Afande akatazama kikombe. Obitre akakohoa tena.

Mama Night akaliinua begi, akamkumbatia jogoo kifuani.

MAMA NIGHT: Night nampa mutu ya kwanza huko Mombasa atamwita yeye "mwanangu".