Ile Karatasi Batoto Baliogopa Kugeuza

Wasikilizaji wapendwa, mwenye iko karibu na radio aongeze sauti kidogo. Mama mwenye iko ku mbabula ya makala, ashushe kwanza ile sufuria. Leo tunakumbuka maîtresse Léonie wa Ruashi, mwalimu wa sixième, darasa ya sita. Alikufa wiki yenye ilipita, mu classe, mbele ya batoto yake. Na kesho wale batoto banaingia ku ENAFEP, ile examen ya taifa ya kumaliza primaire. Banaogopa. Na mi pia naogopa juu yao, sitaficha.

Léonie alizaliwa ku Kilwa. Alikuya Lubumbashi akingali musichana, akaolewa na papa Liévin, soudeur, muchomeleaji wa vyuma, muntu wa maneno kidogo. Maneno yote mu ile nyumba ilikuwa ya bibi yake.

Classe yake ilikuwaka na makelele mwaka muzima. Siku ya kufundisha kilo, anabapeleka ku soko. Mutoto anapima unga, anagawanya, na akikosea, mama muuzaji njo anamucheka. Siku ya français, mumoja anakuwa juge, mwengine mwizi wa kuku, na kesi inaanza. Directeur alikuwa analalamika asema ile classe inavuma sawa nganda ya pombe. Lakini batoto habakutaka kurudi kwao. Wasikilizaji, munajua batoto bangapi kwetu banakataa kurudi nyumbani juu ya hesabu?

Kiisha saison ya examen inafika, na ile makelele inakufa. Bazazi banajaa ku mulango: mutoto wangu atapita? Directeur anasema mwaka huu anataka bote bapite, bote. Na Léonie, mwenye hakuogopaka muntu, akaanza kuogopa. Soko ikaisha. Kesi ya kuku ikaisha. Kila asubui paka mazoezi ya examen tu: karatasi imelala kifudifudi, mikono juu ya meza, kimya. Akabaambia hivi:

"Mwenye atageuza karatasi mbele sijasema, ataleta bahati mbaya kwetu bote."

Alisema vile juu ya kubatia woga tu. Batoto baliamini.

Ile siku ya wiki yenye ilipita, Tracy aligeuza. Tracy ni mutoto musichana, mudogo wa mwili, mwenye alikuwa anacheka zaidi ya bote kule ku soko. Woga ilimushinda, akataka kuona kama kuko hesabu ya kugawanya. Maîtresse akamuona. Akafungua kinywa aseme, akashika meza, akaanguka. Balimubeba mbio mpaka ku lopitalo. Ilikuwa kazi bure, alishakufa.

Ku kilio, batoto ba sixième habakutaka kukaa karibu na Tracy. Kunda, mwenye kukaa naye banc moja, alieleza mama yake kila kitu. Na bamama bamoja, nitasema hata mukasirike, balianza kunong'ona asema ule mutoto iko na kintu, asema ni mulozi. Mutoto wa sixième! Batoto bengine bakaapa: kama Tracy anaingia mu salle ya examen, sisi hatuingie.

Na Tracy mwenyewe alishakataa. Hakushika tena bic ya kuandika. Mama yake alinieleza asema akiona karatasi juu ya meza, anaficha mikono mu makwapa. Alisema:

"Mama, nikigeuza tena, muntu mwengine atakufa."

Hii maneno ikafika ku masikio ya papa Liévin. Na papa Liévin alijua kintu chenye bengine habakujua. Munganga wa lopitalo alishamwambia Léonie moyo yake inachoka, apumuzike. Léonie akakataa. Alisema batoto bamalize kwanza examen. Alificha hata kwa directeur, juu aliogopa batampokonya ile classe. Moyo njo ilimuua, wasikilizaji. Ninarudilia: moyo yake njo ilimuua, haikuwa mutoto.

Juzi muchana, papa Liévin akaenda kwa bazazi ba Tracy. Mama alipomuona ku mulango na nguo ya kilio, akamuvuta Tracy nyuma yake. Alifikiri anakuya kubalipisha kifo ya bibi yake. Papa Liévin akaomba paka meza tu, mu lupango, inje ya nyumba, pale majirani bote banaona. Akalalisha karatasi kifudifudi. Akakaa mbele ya mutoto, akamueleza ile ugonjwa ya maîtresse. Kiisha akasema:

"Geuza. Kama karatasi inauaka bantu, iniue mi. Mi njo niko karibu."

Tracy akakataa. Akalia sana. Mwishoni mutoto akagusa pembe ya karatasi, akaigeuza. Na hakuitazama hata kidogo. Alitazama kifua ya papa Liévin, kama ingali inapanda na kushuka.

"Mi pia niliogopa," papa Liévin aliniambia. "Nikapumua kwa nguvu, juu aone."

Papa Liévin, pole sana. Pole kwa famille yote ya Kilwa, na kwa batoto ba sixième. Mungu amupokee maîtresse yenu. Leo asubui mama ya Tracy aliniambia mutoto aliomba bic. Hakusema kama ataenda ku examen. Aliomba bic tu.

Bazazi, tukiwa na woga tunasemaka maneno, na mutoto anaibeba yote. Fikiri kidogo: mutoto wako, ulimwambia nini juu ya kesho? Kama ulimwambia asipopita asirudi mu nyumba yako, basi muite sasa hivi. Umwambie mulango itakuwa wazi. Mi ninanyamaza, juu mupate nafasi ya kumuita.